Picha kwenye laptopu iko safi, ukutani imekufa: tatizo liko wapi?

Wakuu, kama klabu yenu ya picha inaonyesha kazi za wanachama kwa projekta basi huu ugomvi mnaujua. Mtu kaleta picha ya mbega aliyempiga kule Hifadhi ya Taifa Arusha, kwenye laptopu yake yale manyoya meusi unayaona unyoya mmoja mmoja, ikipanda ukutani mnyama kawa doa jeusi lenye ndevu nyeupe, alafu watu wanaanza oh umepiga giza sana, ungeongeza mwanga kidogo, na mwenye picha anaenda nyumbani anaiparua picha yake nzuri mpaka iendane na projekta iliyosetiwa vibaya. Hicho kitu kinaniuma kwa kweli. Mtu kaamka alfajiri, kakaa kwenye baridi akisubiri mnyama ageuke, anastahili picha yake ionekane vile alivyoitengeneza. Kwahiyo kabla ya yote, usiiguse picha mpaka umejua ubovu uko wapi.

Picha inapita sehemu sita mpaka ifike kwenye jicho: faili lenyewe, programu inayolifungua, laptopu, waya, projekta, na skrini au ukuta. Mara nyingi ubovu uko sehemu moja tu. Namna ya kuupata ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuangalia kama dalili imehama. Badilisha laptopu, dalili ikiondoka basi laptopu ya kwanza ndo yenye shida, ikibaki rudisha laptopu na ubadilishe waya, na kuendelea hivohivo. Sisi wengi tukiona rangi mbaya tunashika rimoti tunabonyeza kila kitu kwa mpigo, mwangaza juu, kontrasti chini, rangi katikati, na baada ya dakika kumi hakuna anayejua tulianzia wapi. Kama mmeshafika huko, kwenye menyu ya projekta kuna sehemu ya kurudisha setingi za kiwandani, irudishe alafu anza upya.

Pia muwe na folda moja ya picha za kupimia ambayo haibadiliki. Ya kwetu hapa Arusha nashauri iwe na mbega, maana ana nyeusi kabisa na nyeupe kabisa kwenye mwili mmoja, iwe na shuka jekundu la Kimasai juani, pundamilia wa karibu, theluji ya Kibo asubuhi, na uso wa mtu mweusi kwenye kivuli. Ongeza ukanda wa kijivu uliotengeneza mwenyewe kwenye GIMP au programu nyingine yoyote, vipande vinavyoanzia 0 (nyeusi kabisa) mpaka 255 (nyeupe kabisa), na upande wa giza uweke 5, 10, 15, 20 na upande wa mwanga 235, 240, 245, 250. Hizo picha ukizijua vizuri kwa macho, projekta ikianza kudanganya unagundua kabla kikao hakijaanza.

Picha haikati, ina ukungu

Hapa kuna visababishi vingi kuliko sehemu nyingine yoyote, nenda taratibu.

Cha kwanza ni projekta ina pikseli ngapi za kweli. Hizi ndogo za bei poa zimejaa madukani, boksi limeandikwa 1080p au hata 4K, ila ukisoma vizuri maana yake ni kwamba inapokea mawimbi ya ukubwa huo, kioo chake cha ndani kina 1280 kwa 720 au hata 800 kwa 480, inachukua picha kubwa inaifinya. Kwenye karatasi ya sifa tafuta neno "native", hapo ndo ukweli ulipo. Full HD ya kweli ni 1920 kwa 1080, na zile za WUXGA ni 1920 kwa 1200, ambazo kwa klabu ya picha mi nazipenda zaidi kwa sababu ntakayoeleza mbele. Kupima, tengeneza faili la 1920 kwa 1080 lenye mistari myeusi na myeupe, kila mstari unene wa pikseli moja, uliweke ukutani bila kulikuza wala kulipunguza, alafu sogea karibu na skrini. Mistari ikihesabika uko salama. Ukiona kijivu tu au mawimbi mawimbi, kuna mahali picha inafinywa au kuvutwa njiani.

Na mahali penyewe mara nyingi ni laptopu. Laptopu nyingi za zamani au za bei ya chini zina skrini ya 1366 kwa 768, ukichomeka projekta katika hali ya kunakili, yaani skrini zote mbili zionyeshe kitu kilekile, laptopu inaweza kuishusha projekta mpaka kiwango chake yenyewe. Hapo umepoteza karibu nusu ya pikseli za Full HD na hakuna aliyekwambia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend badala ya Duplicate, alafu ingia kwenye setingi za display, chagua skrini namba mbili na uhakikishe imeandikwa 1920 kwa 1080. Rudia ile picha ya mistari. Tatizo la namna hii nimeona linafukuzwa miezi kwa kufuta lenzi na kitambaa wakati lenzi haina kosa lolote.

Kinachofuata ni keystone. Projekta ikiwekwa kwenye meza fupi ikainuliwa pua itazame juu, picha inapanuka juu na kubana chini, watu wanakimbilia kitufe cha keystone kuinyoosha. Inanyooka kweli, lakini inanyooshwa kwa hesabu, projekta inachora upya kila pikseli na ule ulinganifu wa pikseli kwa pikseli unakufa, pundamilia anaanza kumeta kwenye mistari myembamba. Kwa slaidi za semina haina neno, kwa picha hapana. Zima keystone kabisa, irudi sifuri, alafu nyoosha kwa mikono: projekta ikae mlalo ulionyooka, iangalie skrini uso kwa uso, pandisha meza au shusha skrini. Projekta nyingi za mezani zimeundwa kurusha picha kuelekea juu zenyewe, lenzi ikiwa usawa wa ukingo wa chini wa picha hivi, kwahiyo haihitaji kuinuliwa pua, inahitaji meza yenye kimo sahihi. Yenye kigurudumu cha kusogeza lenzi ndo bora zaidi, ile inasogeza picha bila kuiharibu.

Fokasi weka baada ya projekta kupata moto, kama robo saa hivi, maana lenzi ikipata joto fokasi inasogea. Kama katikati pako poa ila kona moja ina ukungu, projekta haijaangalia skrini sawasawa au skrini imejikunja, usihangaike na pete ya fokasi. Na kama bado mnatumia waya wa VGA, ule wa bluu wenye skrubu mbili, huo unapeleka mawimbi ya analogi na ukungu wake ni wa kawaida, kitufe cha Auto kwenye rimoti kinasaidia kidogo ila dawa ni kuhamia HDMI, waya wa dijitali.

Kuna pia ukali wa kubandika. Kwenye menyu ya projekta kuna kitu kinaitwa sharpness, kikiwa juu kila tawi la mti linapata mstari mweupe pembeni, anga nyuma ya mgunga inakuwa na ukingo wa ajabu. Kirudishe katikati au chini zaidi mpaka mstari upotee.

Ukishamaliza vifaa vyote ndo uangalie faili. Na hapa Tanzania mchawi mkubwa ni WhatsApp. Mwanachama anatuma picha ya mashindano kwenye grupu kama picha ya kawaida, WhatsApp inaipunguza na kuikandamiza, anga inakuwa na vigae vigae na nywele zinakuwa uji, alafu tunailaumu projekta. Hata ile ya HD bado inakandamiza. Waambie watume kama dokumenti, faili linafika lilivyo, au walete kwenye flashi. PowerPoint nayo ina tabia ya kukandamiza picha ukisevu, kwenye options sehemu ya Advanced kuna tiki ya kuizuia, iweke kabla hujaingiza picha hata moja. Mi binafsi PowerPoint nimeachana nayo kwa maonyesho ya picha, programu za kutazamia picha kama FastStone au XnView zinafanya kazi hiyo vizuri na ni za bure kwa matumizi binafsi.

Picha za wima zinaonekana ndogo, zingine zimekatwa kichwa

Hili ni swali la hesabu tu. Kamera nyingi zinapiga 3 kwa 2. Kwenye projekta ya 1920 kwa 1080 picha ya mlalo inakaa 1620 kwa 1080, na ya wima inakaa 720 kwa 1080. Yaani picha ya wima inapata pikseli chini ya nusu ya zile za mlalo, na majaji wanakaa mbali, kwahiyo twiga aliyepigwa wima anaanza mashindano akiwa nyuma. Kwenye 1920 kwa 1200 ya wima inapata 800 kwa 1200, ndo maana nimesema naipenda zaidi.

Kosa la watu ni kuambiwa "punguza upande mrefu uwe 1920", picha ya wima inakuwa na kimo cha 1920 na projekta ina kimo cha 1080 tu. Programu nzuri itaifinya, na kwa kuifinya haraka haraka itapoteza ukali, programu mbaya itaikata kichwa. Waambieni wanachama maneno haya: upana usizidi 1920 NA kimo kisizidi 1080, vyote viwili. Wapunguze kwanza, waongeze ukali mwisho kabisa baada ya kupunguza. Na programu ya kuonyeshea isiruhusiwe kukuza picha ndogo ijaze skrini, iiache ilivyo katikati ya nyeusi.

Kama kingo za picha zote zimekatwa kidogo pande zote nne, hiyo ni overscan, tabia ya enzi za televisheni. Iko kwenye menyu ya projekta au ya kadi ya picha ya laptopu, izime.

Weusi umeziba, au weusi umekuwa kijivu

Turudi kwa mbega. Fungua ule ukanda wa kijivu. Kama kipande cha 5, 10 na 15 vyote ni shimo moja jeusi, na upande wa pili 240, 245, 250 vyote ni nyeupe moja, laptopu na projekta hazielewani kuhusu HDMI. Kompyuta inahesabu rangi kuanzia 0 mpaka 255, dunia ya video inahesabu kuanzia 16 mpaka 235. Laptopu ikituma 0 mpaka 255 na projekta ikadhani ni video, kila kilicho chini ya 16 kinazikwa na kila kilicho juu ya 235 kinaungua, mbega anapoteza manyoya na Kibo inapoteza mikunjo ya theluji kwa pamoja. Ikiwa kinyume, laptopu inatuma ya video na projekta inasubiri ya kompyuta, weusi unakuwa kijivu na picha nzima inapauka. Dalili ni mbili, kisababishi kimoja. Kwenye projekta tafuta setingi ya HDMI yenye neno range, kwenye laptopu iko kwenye programu ya kadi ya picha, Intel wanaiita quantization range na Nvidia wanaiita output dynamic range. Pande zote mbili ziseme Full, au jina lolote ambalo projekta yako inatumia kwa maana hiyo, alafu usiziache kwenye Auto maana Auto ikibadili mawazo siku ya mashindano hutajua.

Kama range iko sawa na bado weusi ni kijivu, zima projekta na uangalie skrini kwa jicho tu. Weusi unaouona hapo ndo weusi wa mwisho mnaoweza kupata, projekta haina uwezo wa kurusha giza. Kama skrini inaonekana nyeupe kabisa sababu jua la saa kumi linapiga dirishani basi hakuna menyu itakayowasaidia, ni mapazia mazito, au mabox ya kuziba vioo, au kuanza kikao jua likishazama. Taa ya mlangoni nayo, ile moja mnayoiacha watu wasijikwae, inatosha kuua vivuli vyote. Ielekezwe chini na nyuma ya watu.

Watu wakikwama hapa wanawaza kununua projekta yenye lumeni nyingi zaidi, yaani mwanga mwingi zaidi. Kwa ukumbi uliofungwa giza na skrini ya upana wa mita mbili hivi, lumeni 3000 za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi, zilizoandikwa na kampuni inayoeleweka ni nyingi hata, unaweza kutumia hali ya Eco na taa ikadumu zaidi. Pesa hiyo nunueni mapazia. Na zile zilizoandikwa maelfu ya lumeni bila neno ANSI msizilinganishe na chochote.

Rangi sio zenyewe

Hapa ndo pana kelele nyingi klabuni, na kila rangi mbaya ina hadithi yake, kwahiyo angalia imeharibika vipi.

Picha zilianza vizuri, katikati ya kikao zikawa za njano. Angalia saa. Windows 10 na 11 zina kitu kinaitwa Night light, kinafanya skrini iwe ya njano jua likizama, na huku kwetu jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, yaani kikao kikiwa kimechanganya. Mac wana Night Shift na True Tone. Zima zote kabla ya kuanza. Picha tatu za kwanza zikihukumiwa kwa rangi moja na zilizobaki kwa rangi nyingine huo sio ushindani.

Kila kitu kina kijani kijani na kinang'aa kupita kiasi. Projekta iko kwenye hali ya Dynamic au Presentation, hizo zimetengenezwa kushindana na taa za ofisi, zinaongeza mwanga kwa gharama ya rangi, na taa za projekta kwa asili zina kijani kingi. Hamia sRGB, yaani kiwango cha rangi cha kawaida cha kompyuta, kama ipo, isipokuwepo Cinema au Movie. Utaona giza limeongezeka na watu watalalamika dakika mbili za kwanza, wavumilie, macho yatazoea na rangi za ngozi zitarudi.

Shuka jekundu limekuwa la matofali, njano imekuwa ya haradali, lakini nyeupe inang'aa sana. Hiyo ni tabia ya projekta nyingi za DLP za ofisini. Ndani kuna gurudumu la rangi linalozunguka, na pamoja na nyekundu, kijani na bluu wameweka kipande cheupe au uwazi ili kuongeza lumeni. Nyeupe inaongezewa nguvu, nyekundu na njano hazina wa kuzisaidia, kwahiyo karibu na nyeupe zinaonekana chafu. Kwenye menyu tafuta BrilliantColor, ishushe hatua kwa hatua ukiangalia shuka sio ukiangalia nyeupe. Haitapona kabisa ila itakaribia. Kama mnapanga kununua mpya na mnaonyesha picha za watu na mavazi, ulizeni lumeni za rangi na sio za nyeupe peke yake, au chukueni za LCD tatu (3LCD, paneli moja kwa kila rangi) ambazo hazina gurudumu hilo.

Picha ya mtu mmoja tu ndo imepauka, za wengine ziko sawa. Hapo projekta haihusiki. Mara nyingi faili limesevishwa kwa Adobe RGB au ProPhoto, viwango vya rangi vipana kuliko sRGB, na programu mnayoonyeshea haisomi profaili ya rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayosema namba zake ni za kiwango kipi, inasoma namba kama ni sRGB, rangi zinakosa uhai na flamingo wa Momella wanakuwa kama wamefuliwa. Mwenye picha aibadilishe kwenda sRGB akiwa anasevu, abadilishe yaani convert, sio kubandika jina jipya la profaili juu ya namba zilezile, maana hilo ndo linaharibu kabisa. Na kwenye programu ya kuonyeshea washa usimamizi wa rangi, kwenye FastStone iko sehemu ya CMS kwenye setingi.

Picha zote zina rangi ya maziwa au ya krimu: angalia ukuta. Kumbi nyingi zimepakwa krimu na projekta haina namna ya kujua. Skrini nyeupe ya kawaida isiyong'aa inatosha, zile za kung'aa zinapendelea aliyekaa katikati.

Baada ya hayo yote ndo kalibresheni, yaani kupima na kusahihisha rangi kwa kifaa, ina maana. Kifaa cha kupima rangi, Spyder au Calibrite, hakikisha toleo lake linakubali projekta maana yapo ya monita tu. Washa projekta nusu saa, zima taa zote, weka kifaa kwenye tripodi kikiangalia skrini na kisijizibie kivuli, lenga gama 2.2 (jinsi mwanga unavyopanda kutoka nyeusi mpaka nyeupe) na nyeupe ya D65 (nyeupe ya mwanga wa mchana). Profaili inayotoka ni ya laptopu hiyo, projekta hiyo, hali hiyo ya picha na skrini hiyo. Mkibadilisha kimoja, mathalani mkahamia ukumbi mwingine wenye ukuta mwingine, imekwisha kazi na inaweza kudhuru kuliko kusaidia. Na hakikisha imepachikwa kwenye skrini namba mbili, sio kwenye skrini ya laptopu.

Skrini inapotea sekunde mbili inarudi, au inamwaga vinukta vyeupe

Waya. HDMI ya kawaida mpaka mita kumi ikiwa nzuri inabeba 1080p, zaidi ya hapo ni bahati. Ya bei ya chini inashindwa hata mita tano. Njia rahisi kuliko zote ni kuweka laptopu pembeni ya projekta kwa waya mfupi na kutumia rimoti ya kubadilisha picha, sioni sababu ya laptopu kukaa mbele. Mkilazimika umbali, zipo HDMI zenye umeme ndani yake au za fiba, hizo zina upande wa chanzo na upande wa projekta, ukizigeuza hazitoi kitu. Adapta za USB-C nazo, sio kila tundu la USB-C linatoa picha, mengine ni ya chaji na data tu, kwahiyo mgeni akija na laptopu yake ijaribiwe kabla watu hawajaketi.

Inazima yenyewe, feni inapiga kelele, taa nyekundu inawaka

Joto. Na joto huku kaskazini lina mambo mawili.

Vumbi kwanza. Miezi ya kiangazi vumbi la Arusha linaingia kila tundu, chujio la hewa linaziba, feni inajitahidi mpaka inashindwa, projekta inajizima kujiokoa. Toa chujio kila mwezi kipindi hicho, lisafishe kwa brashi laini au kifyonza vumbi taratibu, na usipulize kuelekea ndani maana unapeleka vumbi kwenye vioo.

Pili ni mwinuko, na hili watu wengi hawalijui. Hewa ikiwa nyepesi haibebi joto vizuri, ndo maana projekta nyingi zina hali ya High Altitude inayozungusha feni haraka zaidi, vitabu vyake vingi vinasema iwashwe kuanzia mita 1500. Arusha mjini tuko karibu mita 1400, kwahiyo mjini kwenyewe tuko pembeni ya mstari, ukipanda vitongoji vya juu mlimani unauvuka. Mkienda kuonyesha picha Karatu, au kwenye loji za ukingo wa Ngorongoro ambazo ziko juu ya mita 2200, iwasheni bila kujadiliana. Kwa ndugu zetu wa Moshi mjini, mko chini ya mita 1000, hamuihitaji, mkipanda na projekta mpaka geti la Marangu mko juu ya mita 1800 mnaihitaji. Moshi shida yenu ni nyingine, ukumbi wa bati mwezi wa pili unapika, na projekta nyingi mwisho wake ni nyuzi 35 au 40 za hewa inayoingia. Usiisukume ukutani, acha nafasi upande inakotoa hewa ya moto, na feni ya ukumbi isipeleke hewa ya moto irudi upande inakoingilia.

Umeme ukikatika ghafla feni inasimama wakati taa bado ni ya moto sana, na hilo linafupisha maisha ya taa. UPS ya 1000VA itaibeba projekta ya wati 300 dakika kadhaa, zinatosha kuizima kwa rimoti na kuacha feni imalizie kupoza. Ukirudi umeme usiwashe papo hapo, subiri ipoe na umeme utulie. Kwa jenereta weka stabilaiza katikati.

Madoa

Doa lenye ukungu la kijani au zambarau linalobaki palepale kila picha, kwenye projekta ya LCD, ni vumbi limekaa juu ya paneli ndani, kufuta lenzi hakulitoi. Nukta nyeupe kali zinazoongezeka wiki hadi wiki kwenye DLP ni vioo vidogo vya chipu vinakufa, chipu inabadilishwa. Eneo zima la njano au bluu upande mmoja kwenye LCD, paneli au kichujio chake kimeungua kwa joto, mara nyingi ni matokeo ya lile chujio la hewa ambalo halikusafishwa. Na picha nzima ikififia taratibu na rangi kuhama, ingia kwenye menyu uangalie saa za taa. Taa za kawaida zinakwenda saa 3000 mpaka 5000 hivi na mwanga unashuka kwa kiasi kikubwa kabla hazijafa, zile za leza ndo zinafika saa 20,000.

Taa za kawaida zina zebaki ndani. Ikipasuka utasikia mlio, zima, toa watu nje, fungua madirisha, usichokonoe kwa mikono. Na ukimpelekea fundi projekta usimwambie tu kwamba rangi mbaya. Mpelekee picha mbili za simu za ule ukanda wa kijivu na za skrini nyeupe tupu, saa za taa kutoka kwenye menyu, na orodha ya ulivyobadilisha: laptopu nyingine dalili imebaki, waya mwingine imebaki, tundu lingine la HDMI imebaki. Fundi mwenye hayo mkononi anafungua upande sahihi mara ya kwanza, na kama atasema taa ndo imekwisha mwombe akuonyeshe hizo saa kabla hujalipa.